Joka na Sarafu Sitini Zilizosuguliwa

Marehemu kaka yetu, mliyemzoea kwa jina la Joka, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, wa kwanza kati ya watoto wanne, akasoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1966, akaishia hapo ili sisi wadogo zake tusome, nasi tulivyomlipa mtasikia, maana shukrani za punda ni mateke.

Mwaka 1968 alianza ufundi saa, na tarehe 5 Juni 1974 aliletewa saa ya mezani yenye mguu uliokatika, ikiwa imesawazishwa kwa sarafu ya fedha ya Kichina ya mwaka 1908, yenye picha ya joka, na mwenye saa hakurudi tena kuichukua. Tangu hapo alisaka sarafu nyingine za zama hizo, akajifunza mwenyewe kusoma tarakimu za Kichina, akafikisha sitini na moja pamoja na ile aliyoiacha chini ya saa, na weusi uliozishika kwa uzee hakuugusa, kwani alitueleza wazi kwamba weusi huo ndio umri wa sarafu. Sisi tulimcheka, tukasema anakusanya pesa zisizonunua hata kiberiti, na hilo jina la Joka tulimpa kwa kejeli.

Tarehe 2 Agosti 1979 alifunga ndoa na wifi yetu, fundi cherehani, wakajaliwa mabinti wawili, na hao watatu ndio pekee waliomwamini.

Tarehe 9 Januari mwaka huu alilazwa kwa maradhi ya figo, na makumbusho yakaahidi kuja tarehe 3 Februari kuzichukua sarafu, ziwekwe kwenye kabati la kioo lenye jina lake, heshima aliyoingoja miaka mingi. Sisi wadogo zake, bila kumuuliza wifi, tukaona aibu wageni wakute vitu vyeusi, tukafungua droo, tukazisugua kwa majivu na ndimu kama masufuria, na mimi ninayesoma ndiye niliyekamua ndimu. Mtaalamu wa makumbusho alizitazama, akafunga droo, akasema humu hamna kitu tena. Na jana, hapa hapa msibani, mmoja wetu alithubutu kusema eti nia ilikuwa njema. Nia njema gani hiyo isiyouliza?

Kaka alipoambiwa hakugomba, aliuliza tu kama ile ya chini ya saa nayo tumeisugua. Hatukuisugua, kwa sababu hakuna aliyewahi kujali kuiinua saa ile. Alifariki tarehe 21 Februari, saa nane mchana, akiwa amekwisha kusikia kwamba makumbusho yameikubali hiyo moja, kwa jina lake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, na mafundi saa wenzake waliofunga vibanda vyao leo. Pumzika kwa amani, kaka, saa yako sasa imeinama upande mmoja, na hatujaigusa.