Matanga ya Mfalme wa Korea

Benchi letu liko nyuma ya depo za Zone Industrielle, eneo la viwanda, pale kamyo za chumvi zinapogeuzia. Ni ubao mmoja juu ya matofali, na mbele yake kuna meza yangu na termosi mbili za kahawa ya tangawizi. Mimi Mwavita ninamimina kahawa hapo mwaka wa saba sasa, tangu nilipovuka mpaka kutoka Uvira, na wanaume watatu wa benchi hili nimewasikia wakimaliza vita vyote vya dunia bila kuinuka. Sylvère, karani wa depo, tunamwita Profesa kwa sababu alifundisha mihula miwili shuleni Gihosha. Massoudi ni Diplomate. Aliwahi kuendesha gari la bosi mmoja wa Kiriri, mtaa wa wakubwa, akarudi na tai moja na maoni mengi. Wa tatu ni Gaspard, mlinzi wa zamu ya asubuhi, ambaye jina lake ni Redio. Zamani lilimfaa sana. Tangu mke wake afariki, mwaka na miezi minne, Redio imezima, ila jina hatujalibadilisha.

Siku hiyo sote tulijua kwamba saa kumi na moja jioni Valéry, shemeji yake Gaspard, angepita kuchukua jibu. Familia ya marehemu inataka tarehe ya kuganduka, yaani siku ya kuondoa matanga kabisa, kwa misa na bia na hotuba, ili nyumba irudi kuwa nyumba. Gaspard alikuwa ameiahirisha mara tatu. Na binti yake Orlane ana mchumba, wazee wa kijana wamekaa wanasubiri, kwa sababu hakuna anayekwenda kuposa kwenye nyumba yenye matanga. Hilo ndilo lilikuwa jambo la siku. Kwa hiyo tukazungumza juu ya mfalme wa Korea.

Profesa ndiye aliyemleta, kutoka kwenye filamu za mfululizo ambazo mtaa mzima unapeana kwa kadi za kumbukumbu za simu. Alieleza kwamba mfalme huyo aliitwa Gongmin, wa ufalme wa Goryeo, zaidi ya miaka mia sita iliyopita. Ujanani aliwekwa rehani kwa Wamongolia, nao wakamwoza binti wa ukoo wao. Aliporudi kwao kutawala aliwageuka Wamongolia, na mke akasimama upande wake. Siku moja wauaji walimfuata hadi ndani, na huyo mke akakaa mlangoni, akaziba njia kwa mwili wake.

— Halafu akafa mu kuzaa, Profesa alisema, macho yake yakiwa kwenye kamyo. Mufalme akaacha kazi yote. Ufalme akampa mutawa mumoja aongoze. Yeye akashinda na picha ya bibi yake, aliichora kwa mukono yake, anaiweka mbele, anakula akiiangalia. Miaka tatu hakugusa nyama.

— Ile haikuwa huzuni, Diplomate akasema. Ile ni politike. Mukubwa wa Kiriri akichoka mikutano, anasema iko na malaria. Njo maana wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Methali iyo inaingia wapi?

— Mutawa njo mugeni. Mufalme njo mwenyeji. Akapona mikutano.

Profesa alimwacha na methali yake, akaendelea. Mfalme alimjengea marehemu nyumba ya kumbukumbu, ikaisha, akaiona ndogo, akaamuru ijengwe upya kubwa zaidi. Kisha akaandaa makaburi mawili, la mke na lake, ubavu kwa ubavu, na katika ukuta wa kati akaacha tundu ili roho zao zipite kusalimiana.

Hapo Diplomate alicheka. Alisema yeye amejenga, anajua, tundu la namna hiyo ni la maji ya mvua. Profesa akajibu kwamba mvua haiingii kaburini. Diplomate akafikiri kidogo, akasema basi lilikuwa la mtawa, apite kuiba. Kahawa ya pili ilipofika, tundu lilikuwa limekuwa la malkia mwenyewe, ambaye hakufa kamwe, alizikwa mzima akatoka kwa siri akarudi kwao Mongolia. Haba na haba hujaza kibaba, alisema, kwa maana kwamba alichimba polepole. Profesa, ambaye alipaswa kuwa mwenye akili, naye akasema rangi ya picha ilikuwa imetiwa dawa, ndiyo sababu mfalme hakuweza kuondoka mbele yake.

Nilikuwa naona walichokuwa wanafanya. Huwezi kumwambia mjane usoni kwamba inatosha, kwa hiyo walikuwa wanampiga mfalme wa watu ili Gaspard asikie kishindo. Mimi iliniudhi, lakini kazi yangu ni kumimina kahawa.

— Mi najua neno moja tu, Diplomate akasema, safari hii bila kucheka. Kamyo haiwezi kulala katikati ya barabara sababu dereva analia. Nyuma kuko watu.

Profesa alimkanyaga mguu. Gaspard alikigeuza kikombe chake mara moja, akakirudisha. Saa kumi na moja ndiyo saa ambayo mke wake alikuwa akipita na kikapu chake kumchukua waende nyumbani, na mpaka leo Gaspard hainuki kabla ya saa hiyo.

Wakati huo alikuja msichana mmoja, Fabiola, kutoka Uvira kama mimi, wiki moja tu mjini, akitafuta depo ya chumvi alikoambiwa kuna kazi ya kushona magunia. Nilimpa kikombe apumzike kwanza. Alikaa pembeni, akawasikiliza kwa adabu, kisha akauliza.

— Samahani, bapapa. Ule mufalme, matanga yake waliondoa lini?

Profesa alianza na jina la mtawa, akaacha. Mwishowe alikiri kwamba kadi yake iliharibika kabla filamu haijaisha. Diplomate alininyooshea kikombe, nikapindua termosi ya pili, hakikutoka kitu.

— Hawakuondoa, Gaspard akasema.

Tuligeuka wote.

— Miaka kenda. Watu wake mwenyewe wakamuua mu chumba yake, bado iko mu kilio. Consolate aliachia ile filamu katikati. Mi niliimaliza peke yangu.

Jina hilo la mke wake lilikuwa halijatajwa kwenye benchi letu tangu mazishi. Nikashika kitambaa nikapangusa meza, kwa maana mimi si mtu wa kulia kazini.

Valéry alifika saa kumi na moja kamili, viatu vimejaa vumbi. Alitusalimia mmoja mmoja kwa mkono, na kabla hajauliza Gaspard alikuwa ameshasimama.

— Samedi ya tarehe kumi na tano, shemeji. Lakini picha ya kuweka mbele, ntachagua mi mwenyewe.

— Sawa, Papa Orlane, Valéry akasema. Picha ni yako.

Wakaondoka pamoja. Fabiola aliniuliza polepole kama alikuwa amesema neno baya. Nilimwambia depo ya chumvi ni ule mlango wa bluu, awahi kabla hawajafunga.