Kibali cha Kupalilia

Benchi liko mbele ya kibanda cha kinyozi, na birika la kahawa ni langu. Asubuhi hiyo Fundi Saa alifika na jembe begani, akaketi bila kumsalimia mtu. Tulijua alikotoka: kambi ya wanajeshi wa kigeni, maana mama yake amezikwa ndani ya uzio. Miaka thelathini wanamrudisha langoni. Mwaka huu alikwenda na matumaini, kwa kuwa mlinzi mpya wa lango ni mwanawe wa mwisho, tunayemwita Kitinda.

— Umepalilia? akauliza Redio, mzee mwenzake, asiyepitwa na habari hata ya uongo.

— Kaniambia, "Mzee, kibali." Kama vile hanijui.

— Samaki mkunje angali mbichi! Wako kakauka, sasa anakukunja wewe.

— Kwani kakosea nini? Kinyozi akadakia, mkasi mkononi. Alisoma darasa moja na Kitinda. — Wakubwa wake wa kazi husimama palepale. Jamaa kasaka kazi miaka sita. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi, kapona.

— Mgeni siku mbili, Redio akafoka. Ya tatu mpe jembe!

— Jembe ninalo mimi, Fundi Saa akasema. Wao wana bunduki.

Tukacheka, kisha tukaona yeye hacheki.

— Mnajua mle ndani wanafanya nini? Redio akainama. — Wanavuna mawingu. Ndiyo maana mvua inatukwepa.

— Mwaka jana ulisema wanachimba dhahabu.

— Dhahabu imekwisha. Sasa wana mtambo wa matetemeko ya ardhi. Wanaukodisha kwa nchi zenye ugomvi.

— Nyinyi wazee! Kinyozi akasema. — Siku wanaingia mlijipanga barabarani mkawapigia makofi. Sisi tumezaliwa tukaukuta uzio. Mmepika nyinyi, tukila mnatuita walafi.

— Tuliambiwa ni miaka mitano tu, Fundi Saa akajibu polepole. — Na kila mwaka lango litafunguliwa, tupalilie makaburi. Nikatia dole gumba kwenye wino, mimi mwenyewe.

Nikamjazia kikombe, hakukigusa.

Mara Kitinda akatokea, zamu ya usiku imekwisha, magwanda bado mwilini. Redio akageuza uso. Kijana akachuchumaa mbele ya baba yake.

— Shikamoo, baba.

Fundi Saa hakuitikia.

— Pale langoni nisingeweza, baba. Wangenifukuza palepale. Ila kesho nimepangiwa ndani, bibi nitampalilia mwenyewe. Leo nimetangulia kumtafuta, nimezunguka kote. Naona njia ya ndege, gereji na lami tu. Makaburi yako upande gani?

Fundi Saa akanyoosha kidole kuelekea kambini, kisha akakishusha. Akamtazama Redio. Redio alikuwa anachungulia masimbi ya kahawa kikombeni mwake. Kinyozi akaingia kibandani, akaanza kufagia nywele mahali alipokwisha fagia.

Kitinda akabaki amechuchumaa, akitutazama mmoja mmoja.