Kiwanja cha Tope Kilichotupandisha Daraja

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Meya Heriberto Ocampos. Viongozi ulioongozana nao. Na wewe Padri, uliyetuombea hata tulipokuwa tunafungwa kila Jumapili:

KARIBU KWETU
Sisi wanachama wa Klabu ya Agosti Kumi na Tisa, mtaa wa Kurusu Potrero, tumefurahi kukuona, Mheshimiwa Meya. Mara ya mwisho ulifika hapa tukiwa daraja la juu. Tuliposhuka shughuli zikakubana, nasi tukaelewa. Leo tumepanda, nawe umepata nafasi, tena umevaa jezi yetu mpya kabisa, lebo ya bei bado inaning'inia mgongoni. Tunashukuru.

TULIVYOSHUKA
Mgeni rasmi, tulishushwa na chura. Hapa hakuna asiyejua kwamba timu ikizikiwa chura golini kwake, imekwisha. Majirani zetu wa Laguna walikuwa wanacheka mno sokoni, tukajua ni wao. Wewe ulisema redioni kwamba tatizo ni mabeki wetu. Kwa heshima zote, hukumfikiria chura.

Tukachukua majembe tukachimba goli la kaskazini. Hakuna kitu. Tukachimba la kusini, tukapasua bomba. Chura hatukumwona, maji tuliyaona. Fundi wako wa manispaa alisema atakuja kesho, na mpaka leo tunamsubiri.

TULIVYOPANDA
Msimu mzima goli la kusini lilikuwa tope tupu. Sisi tulijifunza kupita juu yake, wageni wakawa wanazama. Kipa mmoja alimlilia refa, "Bosi, kiatu changu kimebaki huku chini." Bi Eulogia, anayetuuzia chipa, vile vimikate vya muhogo na jibini, pale getini, akamjibu, "Kiache hapo mwanangu, labda kitaota."

Mechi ya mwisho ilikuwa na Laguna haohao. Mpira ulikwama kwenye tope, karibu kabisa na mstari. Mabeki wao wakaanguka, mmoja juu ya mwenzake. Nahodha wetu Wilfrido akaenda taratibu, akausukuma kwa goti ukaingia. Watu wazima tulilia, na hatuoni aibu kusema.

Baadaye tulisikia kwamba ushindi ule umetokana na juhudi za ofisi yako. Hatubishi. Fundi wako angekuja, tusingepanda.

KINACHOTUSUMBUA
Umetangaza kwamba sasa tutachezea uwanja wa manispaa, ng'ambo ya mto, ule wenye jina la marehemu baba yako, na hapa patakuwa stendi ya mabasi. Uwanja ule ni mzuri, una viti na nyasi. Ubaya wake ni kwamba si kwetu.

Bi Eulogia magoti yamemchosha, ng'ambo hatafika. Mwaka ule tulioshuka, siku moja mvua inanyesha na tumeshafungwa manne, watu wote walikimbilia nyumbani. Alibaki yeye peke yake kwenye uzio, anaita, "Wilfrido, inua kichwa, mimi bado nipo." Wilfrido anasema bila sauti ile angeacha mpira siku hiyohiyo. Tukienda ng'ambo, vijana wetu watachezea viti vitupu, na sisi tutabaki huku tunasikiliza redio. Jambo hili linatuuma sana.

OMBI LETU
Ni moja tu: tuache hapa. Hatuombi viti wala taa. Hata fundi asije.

Mwisho, nyama ya ng'ombe iko motoni tangu asubuhi, na muhogo umeiva. Mchomaji wetu, Mzee Fulgencio, anasema nyama itaiva ukishatujibu. Geti amelifunga yeye, kwa ajili ya usalama wako. Dereva wako tumeshampa kiti kivulini na tereré, chai yetu ya baridi, naye anasema hana haraka.

Mungu akubariki, Mheshimiwa, akujalie maisha marefu na jibu fupi.

Ni sisi, wanachama wa Klabu ya Agosti Kumi na Tisa, Kurusu Potrero, tuliokaa mbele ya geti.