Bwana Vosburg na Abiria Asiye na Tiketi

Ijumaa ijayo, tarehe 30 Aprili 1971, Bwana Emmett Vosburg atavua kofia yake ya gadi baada ya miaka arobaini na minne kwenye reli yetu ya Nebraska. Nimeombwa kuandika habari zake kwa sababu, kama alivyosema mkuu wetu wa stesheni, hakuna mtu aliyewahi kumtia matatani zaidi yangu. Ni kweli, ila nilikuwa na umri wa miezi mitano.

Alianza kwa kusafisha mabehewa, akapanda hadi ugadi: dereva haondoi treni mpaka aione bendera yake ya kijani. Miaka mingi ya uchaguzi alipewa treni za wagombea urais, na humo ndimo alimovuna vichekesho vyake. Mgombea husimama kwenye kibaraza cha behewa la mwisho, huhutubia dakika chache, hubusu watoto, na safari huendelea. Bwana Vosburg ndiye aliyewanong'oneza jina la mji kabla hawajafungua mdomo. Mmoja alijifanya anajua kila kitu, akawasifu watu wa Tully Grove kwa mahindi yao, nao ni wafugaji watupu. Walimpigia makofi kwa adabu, kisha kura wakampa mwenzake. Wakubwa wa miji nao walipenda kupanda ili wapigwe picha, na kuwashusha ilikuwa shughuli. Meya mmoja alijifungia chooni hadi Wyoming.

Sasa nifike kwangu. Oktoba 1936, treni ya mgombea ilisimama hapa Tully Grove. Walikuwa wamekubaliana kwamba meneja wa kampeni akiinua kofia, basi hotuba imekwisha, na gadi apeperushe bendera. Mama yangu, Opal Haskett, akanipitisha juu ya vichwa vya watu nibusiwe. Wakati huohuo meneja akamwona mke wa daktari, akainua kofia kumsalimu. Bendera ikapepea, treni ikaondoka, na mimi nimo mikononi mwa mgombea.

Bwana Vosburg aliposikia kilio alikimbilia nyuma, akamkuta bwana mkubwa amesimama, suti imelowa.

"Nimembusu tu," mgombea alisema. "Sasa nimfanye nini?"

Bwana Vosburg akasimamisha treni. Kurudi nyuma bila kibali cha makao makuu ni kosa la kufukuzwa kazi, naye alikuwa ameoa mwezi uleule. Meneja akaja juu.

"Wewe gadi, mbele kuna bendi na watu elfu nne wanatusubiri! Mtoto tutamrudisha kwa gari."

"Mama yake anakimbia kwenye reli, bwana. Wewe hesabu wapiga kura wako. Mimi nahesabu abiria wangu, na huyu hana tiketi."

Akashuka na bendera nyekundu, akatembea nyuma ya behewa la mwisho kulinda njia, na treni nzima ikamfuata kinyumenyume, polepole, mgombea akinibembeleza kibarazani. Mama alitukuta njiani, viatu mkononi. Mgombea akaomba radhi, na kwa kuwa kazi ni kazi, akaomba na kura.

"Mtoto nimempata," Mama akamjibu. "Habari za kura utazisikia kwenye redio."

Hakumpa. Mpaka leo anasema hawezi kumkabidhi nchi mtu anayesahau kurudisha mtoto.

Makao makuu walipomhoji, Bwana Vosburg hakumtaja meneja wala kofia yake. Alisema bendera ilikuwa yake, basi. Alisimamishwa kazi miezi miwili bila mshahara, na treni za wagombea hakuzigusa tena kwa miaka kumi na miwili. Sijawahi kumsikia akilalamika, na mimi hukata tiketi mita chache tu kutoka anaposimama na bendera yake. Nampenda mzee huyu, na sioni sababu ya kuficha.

Ijumaa, treni yake ya mwisho itaipita Tully Grove, itasimama, kisha itarudi nyuma mpaka stesheni, safari hii kwa kibali cha makao makuu. Mama atakuwa anangoja, amevaa viatu.

Bwana Vosburg, asante kwa kunirudisha. Sisi wenzako wote tunakuombea siku ndefu na njia nyeupe. Ijumaa ukifika behewa la mwisho, utanikuta kibarazani. Safari hii nina tiketi.

Lorene Haskett, dirisha la tiketi, Tully Grove