Sahani Yenye Kibonyeo

Huyu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 9 Juni 1938 katika kambi ya wafanyakazi wa kiwanda cha magunia, safu ya tatu, chumba cha mwisho karibu na bomba. Alikuwa mtoto wa kwanza wa fundi mitambo na mkewe. Mimi nilimfuata baada ya miaka mitatu, na watoto wake wameniomba nisome wasifu huu kwa kuwa ndimi ndugu pekee niliyebaki. Laiti wangejua, wangemwomba mtu mwingine.

Alisoma hadi darasa la nne. Baba alipofariki ilibidi mmoja wetu aache shule, na Dada akaacha bila kuulizwa. Jioni alikuwa akininyang'anya madaftari ajifunze nilichofundishwa, na mara nyingi alinisahihisha. Alianza kunikinga mapema. Nikiwa na miaka sita niliifanya sahani ya bati ya nyumbani kuwa gurudumu, ikagonga kizingiti na kubonyea ukingoni. Mama alipouliza, Dada alisema ni yeye, akachapwa. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango.

Tarehe 2 Januari 1956 aliajiriwa kiwandani, idara ya kushona. Nami nilipomaliza shule nilipata ukarani katika ofisi ya meneja, ghorofani, penye feni. Chini kwao mlango ulifungwa kwa kufuli zamu nzima, ati wasitoroke na magunia. Agosti 1961 moto mdogo ulizuka kwenye vumbi, na mwenye ufunguo akatafutwa dakika kumi. Washonaji wawili waliungua mikono. Wiki ileile Dada aliandika barua kudai kufuli iondolewe. Ili asijulikane aliyeanza, wanawake arobaini na watatu waliandika majina yao kuzunguka duara, pasiwe na wa kwanza wala wa mwisho.

Meneja aliigeuzageuza ile barua asione kichwa wala mkia, kisha akaniita nimsaidie. Hakunitisha, wala hakuniahidi kitu. Mstari wa duara ulikuwa umebonyea mahali pamoja, na mimi, kama mwanafunzi anayejua jibu, nikasema, "Hili limechorwa kwa sahani ya nyumbani kwetu."

Alikamatwa kesho yake, tarehe 29, akakaa jela miezi minne. Wenzake waligoma siku tisa mpaka kufuli ikaondolewa, na katika mgomo huo ndipo kilipozaliwa chama cha wafanyakazi, naye, akiwa bado jela, akachaguliwa katibu wake wa kwanza. Ndiyo maana hadi leo wengi wenu mnamjua kwa jina la Katibu. Kiwanda hakikumrudisha kazini kamwe. Alishona nyumbani, na chama alikiendesha kutoka meza ileile ya cherehani. Kila mwaka mkutanoni msemaji husema kwamba aliyemtaja Katibu hakujulikana, ila kikulacho ki nguoni mwako. Ukumbi hupiga makofi. Naona haya kusema kwamba nami nilipiga, tena kwa nguvu.

Aliolewa tarehe 11 Aprili 1964 na mpiga chapa wa vipeperushi vya chama, marehemu shemeji yangu, aliyependa kusema kuwa alioa mkutano, mke akaja kama mjumbe. Kwao nilikaribishwa kila Jumapili. Wengine walipakuliwa kwenye sahani za maua. Mimi niliwekewa ile ya bati yenye kibonyeo. Shemeji alinitania kwamba mgeni wa heshima ana chombo chake. Nilicheka, nikala, nikarudi Jumapili iliyofuata.

Tangu 2017 mapafu yalimsumbua, kwa lile vumbi la magunia. Alilazwa tarehe 24 Januari 2020, wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani. Tarehe 31 tulikuwa wawili tu. Akaniambia ile sahani niichukue mimi. Nikamuuliza kwa nini.

"Unajua, mdogo wangu. Ule mstari ni sisi wawili tu tungeutambua. Nilijua siku ileile. Nilikuwa nakungoja tu useme mwenyewe."

Nikamwambia apumzike, atachoka bure. Aliniangalia, akatabasamu kidogo. "Haya," akasema, "Jumapili basi."

Jumapili ilikuwa tarehe 2 Februari. Alifariki saa moja asubuhi, mimi nikiwa njiani, maneno nimeshayapanga.

Ameacha watoto watatu, wajukuu saba, kitukuu mmoja, chama alichokianzisha, na mlango wa kiwanda ambao haujafungwa kwa kufuli zamu ikiwa ndani tangu 1961. Ameacha pia mdogo wake. Wapwa zangu, mama yenu hakuniumbua hata mara moja, na mimi nilimwachia mzigo huo miaka hamsini na minane. Sahani nimekuja nayo. Mkiona haifai niwe nayo, ichukueni.

Lala, Dada. Ni mimi niliyesema. Usingoje tena.