Ndoo Mbili za Simeon Muriithi Njau

Tumekusanyika hapa Kamwangi kumrudisha Simeon Muriithi Njau kwenye udongo mwekundu ambao maisha yake yote alikuwa akipigana nao. Aliukung'uta kwenye viatu, akaufuta madirishani, na kila Jumamosi asubuhi akauosha kwenye gari lake. Leo umemshinda, na yeye mwenyewe angekuwa wa kwanza kucheka.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1950, papa hapa Kamwangi, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Njau Karanja na marehemu mama yetu Ciku. Utoto wake uliangukia miaka ya Hali ya Hatari, ambayo wazazi hawakupenda kuizungumzia, naye hakuizungumzia. Anayesoma wasifu huu ni Wanja, dada yake mdogo. Familia imemwomba asome yaliyoandikwa tu, asiongeze lake, na amekubali kwa moyo mweupe kwa kuwa ndiye aliyeyaandika.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1958 hadi 1965, kisha sekondari mjini Thika hadi 1969. Wakati huo alikuwa na shati jeupe moja tu la shule. Wavulana wenzake walikuwa wakipeleka mashati mtoni na kuyapiga kwenye jiwe mpaka vifungo viruke. Simeon alikataa. Alilifua lake kwenye karai, akalisugua kati ya viganja kidogo kidogo, akalisuuza kwenye karai jingine lenye maji safi, akalianika kivulini. Mama alimwuliza kama anafua shati au anambembeleza mtoto. Lakini shati hilo lilimfikisha kidato cha nne bila kiraka, na baadaye Wanja alilivaa nyumbani, na bado lilikuwa jeupe.

Mwaka 1970 aliajiriwa katika kiwanda cha nguo mjini Thika, akaanza kwa kupakia marobota. Mwaka 1978 akawa mkaguzi wa vitambaa, kazi aliyoifanya mpaka alipostaafu mwaka 2001. Kazi yenyewe ilikuwa kupitisha mkono juu ya kitambaa kabla hakijatoka kiwandani, kutafuta fundo au uzi uliokatika. Wengi walitumia kiganja. Yeye alitumia mgongo wa mkono, akisema kiganja kimeshika majembe mengi mno kiasi cha kutohisi kitu. Tabia hiyo alirudi nayo nyumbani. Mgongo wa mkono ule ndio uliopima homa za watoto wake wote, uji wao, na maji yao ya kuoga.

Kanisani Makongeni, katika kwaya, alikutana na Idah Wambui Wainaina, aliyekuwa akiimba sauti ya pili na kumcheka kwa sababu yeye hakuwa na sauti yoyote. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 11 Desemba 1976. Mungu aliwajalia watoto watatu: Njau, Carolyne Ciku, na Gerishon. Waliishi Makongeni mpaka mwaka 1998, walipohamia nyumba yao wenyewe Ruiru, upande wa Gwa Kairu.

Hapo katikati, mwaka 1989, liliingia gari. Lilikuwa Peugeot 504 ya buluu iliyokolea, na mtu yeyote aliyewahi kuwa na gari la rangi hiyo anajua kwamba halifichi kitu. Mkwaruzo wa ukucha unaonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Idah aliliita mke mwenza, na hakuwa anatania sana. Taulo zake zilikuwa zikipotea kwenye kamba. Alinunua zenye maua makubwa mekundu ili azitambue, na Jumamosi iliyofuata akaona maua yake yakikausha mlango wa nyuma, lebo zimekatwa kwa mkasi ili zisikwaruze rangi.

Jinsi alivyoliosha, majirani wa Gwa Kairu wanaweza kuisimulia wakiwa wamelala. Alivua saa, pete na mshipi wenye kifungo cha chuma. Aliliweka gari kivulini na kulisubiri lipoe, kwa maana sabuni ikikaukia juani huacha madoa. Maji ya mfereji Ruiru huja siku yanapotaka, kwa hiyo alichota ya tangi na kulinyeshea gari zima kwa kopo la kumwagilia maua, kutoka paani kushuka chini, ili vumbi lishuke lenyewe kabla ya kuguswa. Vumbi lile ni mchanga mtupu, hasa malori ya mawe yakipita, na ukilisugua likiwa kavu unakuwa umepiga msasa. Kisha zikaja ndoo mbili. Moja ilikuwa na sabuni ya magari, nyingine maji matupu ya kusuuza kitambaa, na kitambaa hakikurudi kwenye sabuni kabla ya kupitia kwenye maji. Kikianguka chini kilistaafishwa siku hiyo hiyo. Magurudumu yalikuja mwisho na yalikuwa na kitambaa chao. Kukausha hakukuwa kufuta, bali kulaza taulo juu ya bati, kuligusagusa, na kuliinua.

Mwaka 2011, Jumamosi tarehe 16 Aprili, wageni kutoka ng'ambo ya Thika, upande wa Matuu, walikuja Gwa Kairu kumposa Ciku. Bwana harusi mtarajiwa alikuwa Kilonzo, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Witeithie, na msemaji wao alikuwa mjomba wake, Mzee Kyengo. Kama ilivyo desturi ya pande zote mbili, wazee walifungiwa sebuleni kuzungumza, na kijana mwenyewe, ambaye siku hiyo hana ruhusa ya kusema lolote, aliachwa nje ashughulike na wasiwasi wake.

Kilonzo si mtu wa kukaa bure. Aliona Peugeot imesimama juani ikiwa na vumbi la wiki nzima, maana siku hiyo mwenyewe alikuwa na wageni na hakuiosha. Aliona pia kinyesi cha ndege kimegandia kwenye boneti. Akafikiri kwamba ulimi umefungwa lakini mikono haijafungwa, na kwamba baba mkwe akitoka atakuta gari linang'aa na kujua binti yake amepata mchapakazi. Aliingia jikoni, akaomba sabuni ya unga na kitu cha kusugulia. Wanawake walikuwa na sufuria tano motoni na hawakuinua macho. Wakampa nyuzi za chuma za kusugulia masizi.

Wazee walipotoka, mazungumzo yakiwa yameenda vizuri, walikuta boneti nzima imejaa miviringo myeupe, na Kilonzo amesimama kando yake akiwa amegundua. Mzee Kyengo alianza kuomba radhi kwa lugha tatu na kutaja mbuzi wa nyongeza. Ciku alikuwa dirishani ameshika pazia, na baadaye alimwambia shangazi yake kwamba aliiona ndoa yake ikiondoka kwa miguu kuelekea stendi.

Simeon alilizunguka gari polepole. Akapitisha mgongo wa mkono juu ya boneti, kutoka kioo mpaka taa.

"Nani alikufunza kuosha gari?" akauliza.

"Hakuna mtu, Mzee."

"Sawa basi. Hakuna kitu ya kusahau. Kuja Jumamosi."

Kilonzo alikuja Jumamosi hiyo, na iliyofuata, na akaendelea kuja kutoka Witeithie hata baada ya harusi, hata baada ya kupata watoto. Kwa muda mrefu alipewa magurudumu tu. Kisha akapandishwa cheo hadi sehemu ya chini ya milango, kisha milango mizima, kisha paa. Boneti hakuwahi kupewa. Boneti aliiosha Simeon mwenyewe, kila mara, huku Kilonzo akishika ndoo. Mwas, fundi wa rangi pale Thika, alimsihi miaka mingi aipige rangi upya. Alijibu kwamba rangi ya mwanzo bado iko pale chini, imejeruhiwa tu, na kitu kilichojeruhiwa hakifichwi, kinaguswa vizuri. Kwa kweli miviringo ile ilififia kidogo, ingawa haikuisha. Kilonzo aliiona kila wiki, na yeyote aliyekuwa na macho alijua ilimuuma kwamba hajaaminiwa nayo.

Kifua kilianza kumsumbua marehemu mwaka 2019. Madaktari wa Thika walimtibu kwa uangalifu, na dawa zilimpa miaka ambayo pengine asingeipata. Lakini dawa hizo hizo, zikimezwa kwa muda mrefu, hula ngozi. Kufikia mwanzo wa 2024 alikuwa hatoki kitandani bila kushikwa, na ngozi ya mikono na miguu yake ilikuwa nyembamba kiasi kwamba shuka lenye mkunjo lilimwachia alama. Idah mgongo ulikuwa umemshinda. Njau yuko Eldoret na kazi yake, Gerishon yuko Qatar, na Ciku ni binti, baba yake asingekubali. Alitafutwa msaidizi, mtu mwema na mwenye mkono mzito. Siku ya pili alimsugua mgongo kama anavyosuguliwa mtoto aliyetoka kucheza, na ngozi ikatoka na taulo. Simeon hakulia. Aliomba tu yule bwana arudi kwao kwa heshima, na baada ya hapo akakataa kuoshwa na mtu yeyote. Siku zikapita. Mtu ambaye hakuwahi kuvaa shati la jana alilala hapo akinuka, akijua ananuka, na akageuzia ukuta uso wake. Huo ndio wakati mgumu kuliko yote nyumba ile iliyowahi kupitia, na kifo kimekuja baadaye kikakuta ubaya wenyewe umekwisha kupita.

Kilonzo alikuja Jumamosi kama kawaida. Aliosha gari, akaacha boneti, akaingia ndani na kusimama mlangoni pa chumba. Akasema anaomba ruhusa amwoshe Mzee. Idah alimwambia hapana, mwanangu, unajua haiwezekani. Kila mtu chumbani alijua. Kwa Wakamba kama kwa Wakikuyu, mume wa binti hamwoni baba mkwe akiwa uchi. Ni aibu, na kwa wazee wetu ilikuwa zaidi ya aibu. Kilonzo alijua kuliko wote, kwa maana Mzee Kyengo alimlea kwa mambo hayo. Alisimama pale na hakuondoka.

Simeon alikuwa bado ameuangalia ukuta.

"Leta ndoo mbili," akasema.

Kilonzo alivua saa, pete na mshipi. Alipasha maji, akayapima kwa mgongo wa mkono. Alimshika akamketisha bafuni, akammwagia kwa kopo la maua, kuanzia mabegani kushuka, akaacha maji yafanye kazi kabla ya kumgusa. Kitambaa kilisuuzwa kwenye ndoo ya pili kila mara. Kisha alimlazia taulo mgongoni, akaligusagusa, akaliinua, na ngozi ikabaki mahali pake. Idah alikuwa nje ya mlango, na amesema tuseme hivi: taulo lilikuwa la maua mekundu, na hilo hakulidai.

Aliendelea kumwosha hivyo, akija kabla ya kufungua duka, mpaka mwisho. Marehemu alirudi kuwa mtu wa utani. Siku moja, akiwa ameketi dirishani, aliona Peugeot imeng'aa pande zote isipokuwa mbele, ambako vumbi lilikuwa limejazana. Akauliza kwa nini boneti imeachwa chafu. Kilonzo akamjibu kwamba hiyo si yake, ni ya Mzee.

"Mimi umeniosha mwili yote," Simeon akasema. "Boneti ndio itakushinda?"

Kilonzo alitoka nje akaiosha. Aliiosha polepole sana, na Simeon aliangalia mpaka mwisho, na hakumrekebisha mahali popote.

Simeon Muriithi Njau alilala tarehe 9 Oktoba 2025, asubuhi ya Alhamisi, nyumbani kwake Ruiru, akiwa safi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Idah. Alikuwa na miaka sabini na mitano. Gari mliloliona likitangulia jeneza lilioshwa asubuhi hii, lote, boneti ikiwemo. Mkilipita msiliguse.

Amemwacha mjane wake, Idah Wambui. Amemwacha dada yake, Wanja. Amewaacha wajukuu, akiwemo Syombua, ambaye tayari hukagua vitambaa vya jikoni kwa mgongo wa mkono.

Kuhusu watoto, kamati ya mazishi ilipanga majina kama ilivyo kawaida, watoto kwanza na wakwe chini yao. Wanja amelazimika kupanga upya. Wiki mbili kabla hajatutoka, marehemu alimwita kando ya kitanda akamwagiza. "Ukisoma watoto wangu, Kilonzo usimweke kwa wakwe," alisema. "Hiyo mambo ameona, mkwe huwa haoni."

Kwa hiyo amewaacha watoto wanne: Njau, Ciku, Gerishon, na Kilonzo.

Apumzike kivulini, Bwana amguse kwa mkono mwepesi.