Wobbe Haitsma na Ukoo wa Driehoog

Ijumaa tarehe 28 Juni 2024, Wobbe Haitsma atakabidhi funguo za Hifadhi ya Nyaraka ya Aldewier na kustaafu rasmi, baada ya utumishi wa miaka arobaini na mmoja. Waliomwajiri wameshastaafu wote, na wengine tumeshawazika. Mwenyewe aliomba yasemwe machache. Mimi, Renske Oldersma, niliyekaa naye ofisi moja tangu nilipoajiriwa, nimelikataa ombi hilo kwa niaba ya wafanyakazi wote.

Wobbe alianza kazi mwaka 1983 akiwa mbeba masanduku ghalani. Akabeba, akachungulia, akanogewa. Baada ya miaka michache akapewa madaftari ya wakazi, na humo akajichimbia hasa ile miaka ya vita, ambayo watu walihama, walifichwa, walichukuliwa na kufa kwa kasi ambayo makarani hawakuiweza. Ni yeye aliyesimamia upigaji picha wa kadi zote za wakazi za wakati huo na kuziweka mtandaoni. Leo mtu aliye Kanada anamtafuta babu yake huku amekaa sebuleni kwake. Wobbe hajawahi kutuacha tusahau kwamba wazo lile lilikuwa lake. Unyenyekevu si kipaji chake, na hatutaanza kumsingizia leo.

Tusimsingizie utii pia. Alipiga marufuku chakula katika chumba cha kusomea, kisha tukaokota makombo ya keki ya waridi ndani ya jalada la mwaka 1911. Alimshutumu panya. Na mnamo Februari 1986, mifereji ilipoganda na mbio za kuteleza barafuni za miji kumi na moja zikatangazwa, wateja walikuta mlango umefungwa na karatasi yenye neno moja: "Barafu." Mkuu wa wakati ule alimwita ofisini kumkaripia. Wobbe, vidole bado vimekufa ganzi, alimjibu, "Nyaraka zitakuwepo kesho, bosi. Barafu je?" Mkuu akamruhusu aende zake, maana yeye mwenyewe siku ile hakuonekana kazini.

Lakini nikiulizwa kwa nini nampenda mtu huyu mbishi, nitataja kazi moja tu, nayo ni ya Lolkje Rinsma.

Wengi wetu tumekula mikate ya Lolkje tangu utotoni. Wachache walijua kwamba hakuzaliwa huku kwetu Friesland, kaskazini mwa Uholanzi. Aliletwa Februari 1945, katika majira ya baridi ya njaa, akiwa na miaka mitatu na kitu, ndani ya tishari lililojaa watoto waliokonda kutoka miji ya magharibi. Kikaratasi cha jina alichovishwa shingoni kiliroa, wino ukayeyuka wote. Karani wa hapa Aldewier alipomuuliza jina, mtoto alisema "Dada", kama wasichana wengi wanavyoitwa kwao. Alipomuuliza ni wa wapi, akasema "Driehoog". Karani akaandika: Dada, wa ukoo wa Driehoog. Akina Rinsma wakamchukua, wakampa jina la Lolkje na wakamlea kama damu yao.

Vita vikaisha na watoto wa matishari wakarudishwa makwao. Tangazo la kuwatafuta akina Driehoog lilizungushwa nchi nzima, na hakuna aliyejitokeza. Shuleni watoto, ambao huruma hawaijui, walimwimbia, "Mtoto wa tishari, mamako kakubwaga!" Lolkje akakua na neno hilo, akaolewa nalo, akafiwa na mume nalo. Mwaka 2003 aliingia kwetu na kikapu cha mikate, akamwambia Wobbe, "Sitaki kujua kama alikuwa tajiri au malaya. Nataka kujua kama alinitupa."

Wobbe aliahidi jibu kabla ya Krismasi. Krismasi nane zilipita. Aliwasaka akina Driehoog katika kila daftari la wakati wa vita, akaandikia kila mji, akajaribu kila namna ambayo karani mwenye baridi angeweza kukosea herufi. Ukoo huo haukuwepo popote. Sote tulimwambia aachane nalo. Alitujibu majibu ambayo uhariri wa kijarida hiki hauruhusu.

Jibu lilikuja mwaka 2011, siku ambayo binti yake Nynke alihamia Amsterdam. Wobbe alisimama barabarani akiwa amekumbatia kabati, hajui aingie mlango upi wala apande hadi wapi. Nynke akatoa kichwa dirishani na kumpigia kelele, "Baba, njoo! Driehoog, upande wa nyuma!"

Ndivyo watu wa Amsterdam wanavyosema wanapotaja ghorofa ya tatu. Sisi wa huku tunaishi chini, watu na ng'ombe usawa mmoja, na ngazi ni ya kupandia darini kwenye nyasi. Karani aliuliza ukoo, mtoto akataja ghorofa. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wobbe aliinama miaka minane, kumbe kitu chenyewe kilikuwa juu! Nynke anasema baba yake aliliacha kabati kwenye ngazi za mlangoni, akakaa juu yake, akacheka mpaka akalia, na majirani walishindwa kupita.

Kilichobaki kilikuwa kujua nyumba ipi. Lolkje alikuwa akisimulia maisha yake yote juu ya farasi aliyevunjika mgongo aliyekaa juu ya mlango wa kwao, na watu wakadhani ni ndoto za njaa. Wobbe sasa aliwaza zile picha za mawe zilizochongwa juu ya milango ya zamani ya Amsterdam, na akaanza kutafuta ngamia, maana mtoto asiyemjua ngamia angemwona farasi aliyevunjika mgongo. Nyumba zenye ngamia zilikuwa chache, na ya pili ndiyo iliyokuwa yenyewe. Kadi za nyumba hiyo za wakati wa vita zilionyesha ghorofa ya tatu, nyuma: Aleida Koopal, dobi; mumewe alipelekwa Ujerumani kwa kazi ya lazima na hakurudi; mtoto mmoja, Hendrika. Aleida alikufa Machi 1945, wiki chache baada ya tishari kuondoka.

Nilikuwepo Wobbe alipomsomea Lolkje kadi ile. Hakupamba maneno wala hakumzungusha. Alimwambia mama amekufa, tena kwa njaa. Kisha akaweka kidole penye jina la mtoto. Watoto wengine wa mtaa ule waliandikwa "amehamia Friesland", basi. Kwa Hendrika paliongezwa "kwa muda", na maneno hayo mawili yamepigiwa mstari.

"Karani hapigi mstari bure," Wobbe akasema. "Hupiga akisimamiwa. Mamako alimsimamia."

Lolkje aliufuata mstari ule kwa kidole chake. "Kwa hiyo sikutupwa."

"Hukutupwa. Uliazimwa. Ni sisi wa Aldewier tulioshindwa kukurudisha."

Nilitoka nje, kwa sababu nilikuwa nalia na sikutaka Wobbe anione. Nilimkuta Wobbe mwenyewe amenitangulia uani kwa mlango wa nyuma, anajifanya anatafuta baiskeli.

Asante, Wobbe, kwa ukaidi wako wote, hata ule uliotuchosha. Tunakutakia afya, usingizi wa asubuhi na miaka mingi ya kubishana na watu wengine. Tulimwomba Lolkje, ambaye sasa ana miaka themanini na mitatu, atupe neno la kukuaga, naye alituandikia hili: "Kwa miaka sitini na sita nilikuwa mtoto wa tishari. Wobbe akanifanya mtoto wa mtu."